Pikipiki Iliyotangulia Jeneza

Asubuhi kaka yangu alipofariki, kabureta za pikipiki yetu zilikuwa zimelala ndani ya sufuria ya petroli, chini ya dirisha la chumba chake. Alikuwa amezitumbukiza mwenyewe ili uchafu wa miaka ulainike, akasema angezisafisha homa ikimwachia. Homa haikumwachia.

Ilikuwa pikipiki ya Kiitaliano, nzito, yenye umri mkubwa kuliko sisi wote wawili, na silinda zake mbili zilijitokeza kushoto na kulia kama mabega ya mpiga kasia. Papa, baba yetu, aliachiwa hiyo na wenye shamba moja la kahawa upande wa Bengamisa, walipofunga kazi na kuondoka. Hakuweza kuiwasha tena, na alipokufa tuliirithi ikiwa imeegemea ukuta wa jiko, kuku wakilala juu ya tangi lake. Kaka yangu aliendesha teksi, kama vijana wengi wa Kisangani, juu ya pikipiki ya kisasa iliyokuwa mali ya tajiri wake. Jumapili baada ya misa aliifungua hii ya zamani, nami nikaketi kando yake. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria. Niliamini, na bado naamini, kwamba kukitengeneza kitu ambacho wengine wamekikatia tamaa ni namna ya kuikataa dhuluma. Nilipomwambia hivyo, alicheka.

“Weye unahubiri kama padri. Bon, padri, lete wembe.”

Alitaka wembe kweli. Hatukuwa na kipimo cha valvu, kwa hiyo alipima nafasi zake kwa nyembe kuukuu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa kabureta tulikuwa na njia yetu. Injini ile ina kabureta mbili, moja kwa kila silinda, na zisipopumua sawasawa haiwezi kuendelea kuwaka yenyewe: dereva akiachia kishikio cha mafuta, inazima. Kaka alishika bisibisi. Mimi niliweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikafumba macho, nikasikiliza hewa ikiingia. Kisha nilihamia ya pili, nikamwambia ipi inavuta kwa nguvu zaidi. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na kelele za barabara. “Niambie inapumua namna gani,” alikuwa akisema, na mimi nilimwambia, naye alizungusha skrubu. Hatukuwahi kubadilishana kazi.

Katika mji wetu, dereva wa pikipiki akifa, wenzake humsindikiza kwa injini zao, msafara mzima ukitangulia mbele ya jeneza kwa honi na moshi. Mkuu wao, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuja matangani siku ileile.

“Ma sœur, dada yangu, pole sana. Siku ya kuzika, moto yake ya kazi, ile pikipiki ya teksi, itatangulia. Minaendesha miye mwenyewe.”

“Ile si yake, ni ya bosi,” nilimjibu. “Itatangulia hii.”

Alitazama ukutani, akatazama sufuria, akanitazama mimi.

“Hii? Hii ni vyuma ya kuuza kwa kilo!”

“Itawaka.”

Tangu saa ile sikutaka jambo jingine. Maisha yake yote kaka yangu alikuwa amebeba watu juu ya chombo cha mtu mwingine. Nilitaka aende kaburini akitanguliwa na kilichokuwa chake, na kiwe kinanguruma mpaka mwisho.

Dada wa marehemu hukaa mkekani pamoja na wanawake. Mimi niliuacha mkeka. Nilizitoa kabureta, nikazipiga brashi, nikapuliza matundu yake moja baada ya jingine mpaka kizunguzungu kikanishika. Shangazi aliniona kutoka chini ya turubai.

“Mama ya marehemu, angalia mutoto yako! Maiti iko morgue, yeye iko na mafuta mpaka kwenye kiwiko. Watu watasema nini?”

Mama hakuinua kichwa.

“Muache,” alisema. “Iko analia.”

Alasiri ya siku iliyofuata nilizirudisha mahali pake, nikakanyaga kiwashio, nikakanyaga tena, na injini ikawaka. Kuku walikimbia. Lakini kila nilipoachia mafuta, ilitetemeka na kuzima, kwa sababu kabureta moja ilivuta kuliko nyingine. Nilimpa mkuu wa madereva ule mpira, nikashika bisibisi mimi.

“Unasikia nini?”

“Nasikia pshhh.”

“Na ile ya pili?”

Alisikiliza kwa makini, shavu limebanwa kwenye silinda. “Pshhh vilevile. Ma sœur, zote zinasema pshhh.”

Tukabadilishana. Nilisikia vizuri kwamba ya kulia ilikuwa inanyonya kupita kiasi, nikamwambia azungushe. Alizungusha mno. Nikamwambia arudishe, akarudisha mno. “Kaka yako alikuwa anazungusha kiasi gani?” aliniuliza. Miezi yote ile nilikuwa nimefumba macho. Niliijua sauti ya kila kabureta kama ninavyoijua sauti ya mama, lakini mkono wa kaka yangu juu ya skrubu sikuwahi kuutazama.

Tuliiacha hivyo. Ingekwenda mradi tu mtu asiachie mafuta.

Kabla ya kuondoka, mkuu alitaka kuijaribu barabarani. Nilianza kumweleza kwamba gia yake iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha zile anazozijua. Alinikatiza kwa kiganja.

“Petite, minaendesha moto tangu weye unavaa lepe za mutoto muchanga. Usinifundishe.”

Akaenda vizuri mpaka mwisho wa uchochoro, akageuka, akarudi kwa kasi ya kujionyesha. Alipofika langoni petu, mguu wake wa kulia ulifanya kile ulichozoea maisha yote: ukakanyaga breki. Palipopaswa kuwa na breki palikuwa na gia. Pikipiki ikaruka mbele, ikapita kati ya viti, ikaangusha nguzo ya turubai, na turubai likawashukia wajomba waliokuwa wakinywa chai.

“Mais hii moto iko na miguu kinyume!” alipiga kelele akiwa chini. “Ni mutu gani alitengeneza hii kitu?”

Mikeka yote ilicheka. Mama alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, huku kichwa kimelala nyuma. Kisha kicheko kikamgeukia kuwa kilio katikati, na wanawake wakamshika mikono.

Hakuna dereva mwingine aliyejitolea. Ningeendesha mimi, nami nilikuwa mtoto pekee aliyebaki. Kwa desturi mahali pangu palikuwa ndani ya gari la maiti, kando ya jeneza, nikimshikilia mama. Nilipiga magoti mbele yake.

“Mama, nani atakaa na weye?”

“Shangazi yako atanishika.” Alinifuta mafuta shavuni kwa ncha ya kitenge chake. “Enda mbele yake. Alipenda ile chuma kunipita miye.”

Nilitangulia. Aliye mbele haoni kinachomfuata. Sikuliona jeneza hata mara moja, wala sikusikia nyimbo, kwa sababu ya honi na kwa sababu ya injini yetu iliyogonga vibaya chini yangu. Mbele ya kambi ya Kapalata askari waliokuwa wameketi walisimama. Mkono wangu wa kulia haukulegea kwenye kishikio mpaka makaburini.

Katekista alipoomba ukimya, madereva walizima pikipiki zao moja moja. Yangu niliiacha. Nilibaki juu yake kando ya shimo, nikiilisha mafuta kidogo kidogo, na katekista alinitazama, akaanza sala juu ya mvumo ule. Jeneza likashushwa. Mama akamwaga udongo wake, akageuka kunitafuta.

“Njoo,” alisema. “Njoo umumwagie ndugu yako.”

Nilimwomba kwa macho angoje. Hakungoja, alikuwa ameninyooshea mkono.

Niliachia. Injini ilikohoa, ikatikisika upande mmoja, ikazima. Nikashuka, nikachota udongo kwa mkono uleule, ungali na joto la kishikio, nikaumwaga, nikausikia ukigonga ubao.