Jengo Linalipiwa Kodi?

Shangazi yangu hajui kusema uongo. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani namsifu. Simsifu. Nasema kama vile mtu anavyosema gari lake halina breki.

Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na minane, akifua mashuka yenye damu na dawa, na siku akikosea kuhesabu foronya alikwenda mwenyewe kwa msimamizi kujishtaki. Mpaka leo mtaani wanamwita Dobi. Kiinua mgongo chake alikitia chote kwenye vyumba vinne nyuma ya nyumba yake, vimejipanga mstari mmoja vikitazama kamba za kuanikia nguo. Mita ya umeme ni moja, iko jikoni kwake. Umeme umo ndani ya kodi ya chumba. Mpangaji akishalipa, awashe taa, apige pasi, hakuna wa kumuuliza. Na kuna sheria moja ambayo mimi niliwahi kuchapwa kwa kuivunja nilipokuwa mdogo: mlango wa mpangaji haufunguliwi. Unapiga hodi. Usipoitikiwa, unarudi zako.

Chumba cha kwanza kuna mlinzi ambaye hulala mchana. Cha pili wanakaa dada wawili wa kiwanda cha mikate, cha tatu fundi rangi na mkewe. Cha mwisho kilikuwa cha Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu zamani, na aliyekaa humo miaka kumi na tisa kwa sababu pensheni yake haikumruhusu kwenda kwingine. Yeye na Shangazi waliitana "jirani". Kila saa kumi jioni alikuja kunywa chai barazani, kila mmoja na kikombe chake, na kazi yao ilikuwa kubishana. Sijawahi kuwasikia wakiambiana neno tamu hata siku moja. Lakini ikifika saa kumi na robo Mwalimu hajatokea, Shangazi huchukua ufagio na kufagia palipokwisha fagiliwa.

Sasa nije kwenye fomu, maana ndiyo inayonitia hasira. Mimi nina kibanda cha fotokopi. Watu huniletea fomu za kila aina, nami nawajazia, nawaambia hapa andika hivi, hapa acha wazi. Nimewajazia watu nisiowajua majina. Siku mafundi wa umeme walipokuja kwa Shangazi kufunga mita mpya na kumwachia fomu, mimi nilikuwa kibandani, hatua mia mbili tu kutoka kwake, nikimjazia mtu mwingine.

Jina aliandika. Namba ya nyumba aliandika. Swali la saba lilisema: Jengo linalipiwa kodi? Mbele yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Shangazi akavaa miwani, akavipitia vyumba vyake vyote kichwani, akakuta mwezi ule wote wamelipa, hata fundi rangi. Akatia tiki kwenye Ndiyo. Wewe ungetia wapi? Anacholipa mpangaji tunakiita kodi, na anachochukua serikali tunakiita kodi, na aliyetunga swali lile hakuona haja ya kuongeza neno moja la kutuonyesha anauliza ipi.

Mwezi uliofuata bili ikaja na mstari mpya: kodi ya mauzo. Shangazi aliisoma, akaikunja, akanifuata kibandani na kuiweka juu ya mashine ingali inatoa karatasi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeuza nini?"

Tukaenda ofisi ya umeme. Dirisha la tatu alikaa mama mmoja aliyepandisha miwani kichwani, na sikuiona ikishuka muda wote tuliokuwa pale. Akatafuta jina kwenye kompyuta, akageuza kioo kidogo ili tuone.

"Mama, hapa umejaza mwenyewe kwamba jengo linalipiwa kodi."

"Ndiyo. Wote wanne wanalipa."

"Basi kama unalipa kodi, shida iko wapi?"

"Mimi silipi kodi. Mimi napokea kodi."

Foleni nzima nyuma yetu ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaliona kosa na nilitaka kulia.

Ilinichukua muda kumwelewesha yule mama, naye ilimchukua muda kutuelewesha. Alichosema ni hiki: nyumba ya kuishi haitozwi kodi ya mauzo kwenye umeme, hata kama bili inalipwa na mwenye nyumba na taa zinawashwa na wapangaji. Linaloangaliwa ni kama watu wanaishi humo. Lakini kwa tiki ile, mita ya Shangazi ilikuwa imeandikishwa biashara, kama vile duka la vipuri. Kuirudisha kunahitaji mkaguzi aje aone kwa macho yake. Na vyumba vyote lazima viwe na wakazi, kwa sababu chumba kitupu kinachongoja mpangaji kinahesabiwa biashara, na mita ikiwa moja, chumba kimoja kinaiburuta nyumba nzima.

Shangazi akasema vyote vina watu. Tukaambiwa mkaguzi atakuja wiki ijayo.

Wiki ijayo ile ilikuwa ndefu. Kwanza mkaguzi alikuwa likizo. Aliporudi, gari halikuwa na mafuta. Gari lilipopata mafuta, faili letu lilikuwa limehamia dirisha la saba, na dirisha la saba lilikuwa na pazia na kikaratasi kinachosema narudi sasa hivi. Nikafunga kibanda mara nne kwenda kuuliza, na mara zote nne nikaambiwa nisiwe na wasiwasi. Shangazi alikuwa akivaa vizuri kila Jumanne na kukaa barazani, kwa kuwa kuna mtu aliwahi kumwambia ukaguzi hufanyika Jumanne. Bili zikaendelea kuja, na mstari ule ukaendelea kuwamo.

Nikamshauri awagawie wapangaji mzigo huo. Mwenye nyumba gani asingefanya hivyo? Akaniangalia kama niliyemtukana. Alipatana nao bei, akasema, na tiki aliitia yeye, si wao. Nikamwambia basi hata wale watatu wenye mishahara, tumwache Mwalimu. Akasema hawezi kuwa na bei mbili kwenye mstari mmoja wa vyumba. Nikarudi kibandani, maneno yangu nikayaweka.

Nilipopita siku moja saa za chai nikahisi kuna kitu kimepungua jikoni, na sikukitambua mara moja. Ni friji. Lile friji lake la zamani lilikuwa likinguruma miaka yote mpaka tulikuwa hatulisikii tena, na sasa lilikuwa limenyamaza, mlango wazi, kitambaa kimetandikwa ndani. Pasi nayo ilikuwa imefungwa waya na kuwekwa juu ya kabati. Hakunificha. Alisema amevizima, na akinunua maziwa ananunua ya siku moja, basi.

Mtu mwingine yeyote angesema friji limeharibika. Neno moja tu, na yote yangeishia hapo. Lakini Mwalimu alipomuuliza mbona limenyamaza, Shangazi alimweleza kila kitu, kuanzia tiki mpaka dirisha la saba.

Mwalimu alikwenda chumbani akarudi na bahasha, akataka kuongeza kodi ya chumba. Shangazi akaikataa. Wakagombana, na safari hii hawakuwa wakibishana kwa mazoea. Siku mbili mzee hakuja kunywa chai. Siku ya tatu mwanawe alikuja na gari dogo la mizigo, wakapakia kitanda, meza na maboksi ya vitabu, wakaondoka Shangazi akiwa sokoni. Alipofika nyumbani alikuta ufunguo wa kufuli umo ndani ya kikombe cha Mwalimu, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa hati ya ubaoni: Jirani, nimepunguza mtu mmoja kwenye mita. Washa friji.

Hakuliwasha. Alifagia baraza, akafagia uwanja, akafagia njia mpaka kwa majirani. Kwa mwanawe, kila mtu alijua, Mwalimu angelala sebuleni kwenye kochi na kuamka wajukuu wakitaka kutazama televisheni. Nikataka kumpigia simu. Shangazi akanikataza, akasema mtu mzima ameondoka kwa miguu yake na hatutamvuta shati. Watu walianza kuja kuulizia chumba, akawa anawarudisha bila kuwapa sababu.

Siku tisa baadaye, Alhamisi, mkaguzi akaja.

Nilitamani kumrukia. Alikuwa mtu mpole, viatu vimejaa vumbi, ubao wa kuandikia umefungwa kalamu kwa uzi, na upole wake ulinizidishia hasira. Angefika wiki mbili mapema, nisingekuwa na la kusimulia. Nilijua kitakachotokea: atafika chumba cha mwisho, atauliza, na Shangazi atamwambia kwamba Mwalimu amehama. Mzee yule alikuwa ameondoka ili amwokoe na kodi, na kuondoka kwake ndiko kungeifunga kodi hiyo juu ya nyumba kabisa.

Mkaguzi akapiga hodi chumba cha kwanza. Mlinzi akatoka na bukta, macho mekundu, akauliza nani amekufa. Tiki. Chumba cha pili akatoka dada mdogo, mikono ina unga. Tiki. Cha tatu mke wa fundi rangi akamwitikia karibu, mkaguzi akavua viatu, akachungulia kitanda na jiko, akatoka. Tiki.

Kwenye mlango wa mwisho alipiga hodi mara tatu. Kufuli lilikuwa linaning'inia mbele yake.

"Na hiki, mama, kina mtu?"

Nikafumba macho. Nilimsikia Shangazi akijifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji.

"Kina mtu," akasema. "Ametoka kidogo."

Nikafumbua macho.

Mkaguzi akauliza kama anaweza kuona ndani. Shangazi akamjibu kwamba yeye hafungui mlango wa mtu, hajawahi tangu ajenge, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mkaguzi akalitazama kufuli, akanitazama mimi. Mimi nikazitazama kamba za nguo. Ubaoni kalamu ikatembea. Akasema kodi ya mauzo itaondoka kwenye bili ijayo, na kwa zile zilizokwisha lipwa tuandike barua dirisha la saba. Akaaga, akaenda zake.

Shangazi aliketi barazani kabla geti halijafungwa. Mikono aliificha chini ya mapaja.

"Nimesema uongo," akasema.

Nikamwambia si uongo, ni neno dogo tu, na wale watu walistahili makubwa zaidi ya hayo kwa jinsi walivyotuzungusha miezi yote ile. Nilisema mengi, nilikuwa nimeyaweka muda mrefu. Hakunisikiliza. Alikuwa anakitazama kikombe cha Mwalimu kilichokuwa bado dirishani.

"Kidogo ni muda gani?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Mpigie simu. Mwambie serikali imeshamwandika kwamba anakaa hapa na ametoka tu kidogo. Arudi leo hii. Mimi sitalala nikiwa mwongo."

Kisha akaingia jikoni, nikasikia friji likianza kunguruma.