Rekodi Safi ya Baba Mdogo

Levina Obadia ana miaka ishirini na minne, na ukiuliza kwenye mfumo wa bima utaambiwa hajawahi kuendesha gari hata siku moja. Cheka tu. Ila ukishamaliza kucheka, njoo Ifakara kipindi cha masika umwone anavyoichomoa teksi yake, IST, kwenye tope la kuelekea Mbingu, wakati madereva wenye ndevu zao wameshashusha abiria na kukaa pembeni wakisubiri trekta.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, marehemu Obadia, aliyekuwa dereva wa lori la mashine ya kukoboa mpunga. Mavuno yakiisha na mashamba yakishakauka, mzee alikuwa anampeleka huko uwandani, anamkabidhi usukani na kumwambia aende anakotaka, maana hapakuwa na cha kugonga isipokuwa vichuguu. Levina alivigonga vichuguu vyake vya mwanzo. Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamwamuru ashuke, aangalie alichoharibu na aseme kinatengenezwaje. Ndivyo alivyosomea udereva.

Obadia aliugua ghafla akafariki. Alimwacha mjane wake, Brigita, na binti mwenye leseni mpya kabisa, na hiyo IST aliyoinunua ili iwe teksi. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa. Ikaamuliwa kwamba gari lishikwe na mdogo wa marehemu, Theodori, mpaka mtoto akue. Kukua kwenyewe ni lini, hakuna aliyesema, na Levina, aliyekuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, hakuuliza. Angeulizia wapi? Siku kama ile, anayeuliza habari za gari anaonekana amefurahia kufiwa.

Tumtendee haki Theodori. Si katika wale baba wadogo wanaotafuna mali ya yatima huku wakiongoza sala. Ni katekista wa kigango, mtu wa koti na rozari mfukoni, na tangu kaka yake afariki hakuwahi kumwomba Levina hata nauli. Alichoshika ni jina tu. Kadi ya gari jina lake, bima jina lake. Kila mwaka bima ilipofika mwisho alivaa koti lake la Pasaka, akaenda kwa wakala, akaweka sahihi taratibu kama mtu anayechora, na kutoka kifua mbele. Na hapo elewa kwamba Theodori hajui kuendesha. Hajawahi kuwasha hata pikipiki. Usafiri wake ni baiskeli, na hiyo nayo kwenye mteremko anashuka na kuikokota.

Aliyekuwa barabarani ni Levina. Alibeba wagonjwa, walimu, wafanyabiashara wa mchele, maharusi. Alijibana, akaacha kununua nguo, akavumilia kuitwa mchoyo na rafiki zake, mpaka siku moja akapanda basi kwenda Morogoro na kurudi akiendesha Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, imetumika lakini injini yake bado inanguruma vizuri. Alikuwa na mpango wake. IST angeitafutia dereva. Kirikuu angeishika mwenyewe: ndizi za Mang'ula, mpunga wa Mbingu na Kiberege, wale watu wenye magunia mawili matatu ambao mwenye lori hata hawatazami. Na hukohuko Morogoro, kabla hajamwambia mtu yeyote wa ukoo, kadi aliiandikisha kwa jina lake. Mtoto huyu naye ana vituko.

Basi ikabaki bima. Levina alitaka bima kubwa, si ile ndogo ya kumridhisha trafiki aliyorudi nayo kutoka Morogoro. Kirikuu ndiyo mali yote aliyoitafuta kwa jasho lake, ikipinduka anaanza moja. Akaenda kwa Fulgensi, wakala mwenye ofisi ya feni moja karibu na soko. Fulgensi alibonyeza kompyuta yake, akasoma, kisha akamtazama kwa huruma.

"Dada Levina, wewe ni dereva kijana, na rekodi huna."

"Sina rekodi kivipi? Miaka yote hii IST si naendesha mimi? Hata kuku sijagonga!"

"Najua. Mimi mwenyewe umenibeba mara ngapi? Lakini bima ya IST ni ya mzee. Kila mwaka unaopita bila ajali, sifa inakwenda kwake. Kwa kampuni yetu mzee Theodori ni mteja safi kabisa. Akileta gari la pili anapewa punguzo la maana. Wewe unaanzia sifuri. Halafu kwa umri wako, ajali ikitokea, kuna sehemu kubwa utajilipia mwenyewe kabla kampuni haijagusa kitu."

Tofauti ya malipo ilikuwa karibu magunia manne ya mpunga. Levina alitoka pale. Magunia yalimuuma, asikudanganye mtu. Lakini kilichomchoma zaidi ni zile safari. Tope lote lile, usingizi wote ule aliokosa, na jina lililopata sifa ni la mtu asiyejua breki ilipo! Alikaa ndani ya Kirikuu akalia kwa hasira, kisha akajifuta uso kwa kanga kwa sababu kulikuwa na mteja anagonga kioo.

Ifakara si mji wa kuficha jambo. Kufika jioni baba mdogo alikuwa ameshasikia, na alifurahi kweli.

"Si nilikuwa nasema?" alimwambia Levina pale nyumbani, mbele ya mama yake. "Mtu mzima anaheshimiwa hata na watu wa kompyuta. Tutaandika jina langu, mwanangu, upate nafuu. Kadi ni karatasi tu, inabadilishwa. Kesho kutwa twende."

Brigita alitazama chini. Levina akaitika, "Sawa, baba."

Utasema kwa nini hakukataa. Ungekataa wewe? Baba mdogo hakataliwi usoni, na hasa aliyekuja na wema mkononi. Neno la namna hiyo lina njia yake, nalo hupitia kwa bibi. Kesho yake Levina akawasha Kirikuu, huyo Mbingu, kwa bibi Paulina, mama yake mzazi Theodori. Bibi na mjukuu ni watani, wanaambiana lolote.

"Mke mwenzangu!" bibi alimpokea. "Leo umekuja na gari gani hili lisilo na viti? Umekuja kunipakia na ndizi?"

"Wewe bibi siwezi kukupakia, utanivunjia springi." Wakacheka, wakakaa, ndipo Levina akasema lililomleta. "Bibi, nisemee kwa baba mdogo. Gari ya marehemu sina neno nayo. Lakini hii nimeitafuta mwenyewe. Naomba aniachie."

Bibi akasema, "Nitamwambia."

Na kweli jioni alipiga simu. Lakini bibi wa watu, alipoisikia sauti ya mwanaye, akaona haya kumwambia kwamba mtoto anamkatalia. Akaishia kusema, "Huyu Levina ana neno zito. Usimharakishe, mwache atamke mwenyewe." Halafu akakata simu, akaona kazi yake ameimaliza.

Siku ya kwenda kwa Fulgensi, Theodori alipanda Kirikuu na koti lake la Pasaka. Walikwenda mpaka karibu na Kibaoni.

"Ni mtu wa wapi?" aliuliza ghafla.

"Nani, baba?"

"Huyo kijana. Bibi yako ameniambia una neno. Awe Mpogoro, awe Mndamba, awe Msukuma, mimi sichagui. Ila awe amebatizwa."

Levina nusura aivae bajaji iliyokuwa mbele. "Baba, hakuna kijana yeyote!"

"Haya, haya. Ukiwa tayari utasema."

Hapo ndipo angesema. Bajaji ilikata kona, barabara ikawa tupu, na walikuwa wawili tu. Alifungua mdomo, akaufumba, akabadilisha gia. Alijichukia vibaya sana.

Kwa Fulgensi walikuta vijana wawili wa bodaboda wanasubiri bima zao ndogo. Theodori aliamkiwa, akaitikia, akapewa kiti, akatandaza kitambulisho chake mezani. Fulgensi akaanza kuuliza.

"Mzee, kabla hatujagusa habari ya kubadilisha kadi, mfumo unataka maelezo ya dereva. Hili gari ataendesha nani?"

"Huyu mwanangu."

"Uzoefu wake?"

Loo! Hapo Theodori alijiweka sawa kwenye kiti kama yuko mbele ya waumini. Akaeleza. Akasimulia tope la Mbingu na mvua iliyowalaza watu njiani, na Levina akapita. Akasimulia mama Jenifer, aliyeshikwa na uchungu huko mashambani, akafikishwa hospitali kwa wakati, na mtoto yu hai, anatembea. Akasimulia mabasi yanavyokimbizana kwenye barabara ya Kiberege na huyu binti anavyoyapisha bila kushindana nayo. Levina alikuwa amekaa pembeni, masikio yamemsimama. Hakujua kwamba baba mdogo alikuwa anayajua yote hayo. Hakuwahi kumwambia hata moja.

Fulgensi alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, mzee. Naandika sifuri."

"Sifuri?" Theodori alisimama. "Nimekaa hapa nakueleza, wewe unamwandikia mtoto wangu sifuri?"

"Si mimi, mzee. Kwenye mfumo safari zote hizo ni zako."

"Zangu?"

"Bima ina jina lako. Rekodi ni yako."

"Kijana, mimi gari silijui hata linawashiwa upande gani!"

Wale wa bodaboda waliangua kicheko. Levina hakucheka. Alimwona baba mdogo anarudi kwenye kiti taratibu, anakishika kwanza kwa mkono kabla ya kukaa.

"Kwa hiyo lile punguzo mnalonipa kila mwaka," Theodori aliuliza kwa sauti ya chini, "si la utu uzima?"

"Hapana, mzee. Ni la kutogonga."

Feni ilizunguka, vijana wa bodaboda wakaanza kuchungulia simu zao kwa aibu. Mtu mzima akigundua kwamba miaka mitatu mfululizo amekuwa akivaa koti kwenda kupokea sifa ya mtoto wa kaka yake, hata anayemwangalia anaona haya.

"Basi mhamishie," alisema hatimaye.

"Haihamishiki. Ni hivi, mzee: tukiandika jina lako, bei inashuka leo hii. Tukiacha lake, anaanza mwanzo, na atalipa zaidi."

Theodori akamgeukia Levina. Alimtazama muda, na alipoongea hakuwa tena na ile sauti ya kigangoni.

"Neno lako ni hili?"

"Ni hili, baba. Nisamehe. Hii gari naomba iandikwe jina langu."

"Na hizo gharama?"

"Nitalipa."

"Na hiyo sifuri?"

"Aiandike. Nitaijaza mwenyewe."

Theodori alichukua kitambulisho chake pale mezani, akakirudisha mfukoni, akafunga kifungo cha koti. Levina alidhani ameudhika na sasa anaondoka. Lakini mzee alibaki amekaa, akamwuliza Fulgensi, "Ile ya marehemu kaka yangu inaisha lini?"

"Mwezi wa tisa, mzee."

"Ikiisha, tutakuja kuiandika nayo jina la huyu. Kadi na bima."

Fulgensi aliacha kuchapa. "Mzee, fikiria vizuri. Punguzo lako lote litapotea. Na yeye atalipa kamili kwa magari yote mawili."

"Lipotee. Nimesifiwa bure vya kutosha. Mpe kalamu aweke sahihi."

Levina aliinuka. Aliipokea kalamu, akainama mezani, akaandika jina lake lote, Levina Obadia, na machozi yalipodondokea karatasi hakuna mtu mle ofisini aliyecheka.