Bibi, Kitimoto na Nanasi

Bibi yangu wa Butiama ananiitaga mume wangu. Kwa hiyo alipoletwa kwetu Kitaji baada ya kuugua, akiwa mifupa na kelele tu, nilijua kumlisha ni kazi yangu. Nesi alisema hatamruhusu arudi kwa ng'ombe wake mpaka uzito na damu viongezeke. Nyama na matunda, kila siku.

Nyama, sawa. Lakini matunda! Kwa bibi, mtu mzima hatafuni tunda mbele za watu. Hiyo ni shughuli ya watoto wanaochunga.

"Unataka nionekane nyani, mume wangu?"

"Ukizidi kukonda hutaonekana kabisa, mke wangu."

Daftari langu la biolojia, lile lenye katuni za walimu pembeni, lilisema vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Nikaamua: nanasi litaingia ndani ya kitimoto, nyama ya nguruwe anayoipenda, apende asipende.

Mara ya kwanza niliiloweka nyama kwenye nanasi lililopondwa, nikaiacha kwenye friji, nikaenda shule. Jioni nyama ilikuwa imelegea kama uji, nanasi limeimeng'enya. Nikaipika hivyo hivyo. Bibi akaonja, akaniangalia kwa huruma.

"Nani amenitafunia?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Jumamosi nikatoa sufuria ya kitimoto, inayokaa peke yake nyuma ya nyumba kwa heshima ya jirani zetu Waislamu, nikaanza upya. Nyama nikaikaanga kwa mafuta yake yenyewe hadi ikawa kahawia. Kitunguu, tangawizi, chumvi, maji kidogo, mfuniko. Nikapunguza mkaa, nikakaa palepale. Ilipolainika ndipo nikatia vipande vya nanasi, vidogo kabisa, mpaka mchuzi ukawa mzito.

Nikampelekea na ugali wa mtama. Akamega, akachovya, akatafuna taratibu. Kisha akatoa kitu mdomoni, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

"Mafuta, bibi."

"Mafuta yana nyuzi?"

 

"Ni nanasi. Nataka urudi kwako."

Akatupa jicho mlangoni.

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Na pazia."

Nikashusha. Akakirudisha mdomoni, akanisukumia bakuli.

"Ongeza. Na usithubutu kuniangalia."

Nikaongeza, nikageukia ukutani, nikasikiliza meno yake manne yakipiga kazi.