Tuta Lililokataa Kuoza

Watu wa Nzuguni walikijua kiwanda chetu kwa pua kabla hawajakiona kwa macho. Kiko ng'ambo ya nyumba za mwisho, pale vichaka vya miiba vinapoanza, na kila siku magari huingia na taka za sokoni, samadi ya mnada wa ng'ombe, makapi ya alizeti na majani yaliyofyekwa barabarani. Tunavichanganya vyote, tunavipanga katika matuta marefu yanayomzidi mtu kimo, tunayamwagia maji na kuyageuza kwa katapila. Baada ya miezi kadhaa kinachobaki ni mboji nyeusi, yenye harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Mimi ndiye msimamizi. Nilisomea kilimo chuo kikuu, pale Chimwaga, na ndugu zangu walitarajia nitavaa viatu vya kisigino kirefu na kukaa ofisini. Mama yangu huwaambia wageni kwamba kazi ya binti yake ni kuozesha, ila mwenyewe bado hajaolewa. Nimezoea kucheka nao.

Tuta lenye afya lazima liwe na homa. Viumbe wadogo tusiowaona hula zile taka, na kwa kula kwao joto hupanda mpaka huwezi kuuacha mkono wako ndani. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu, kwa hiyo kanuni zinatutaka tuoneshe kuwa limepanda na kukaa kabla ya kuuza hata kiroba kimoja. Afisa mazingira aliyekuwa akitukagua, mzee aliyekaribia kustaafu, hakuamini maneno. Alikuja bila kutoa taarifa, akiwa na kipimajoto chake mwenyewe, fimbo ndefu ya chuma aliyoichomeka katikati ya tuta kama mtu anayechoma kisu kwenye keki, akasubiri akiwa ameinamisha kichwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Asubuhi za kipupwe ndizo nilizozipenda. Upepo wa Dodoma wakati huo unakata masikio, na matuta yote hufuka mvuke mweupe kama nyumba ambazo kila moja ina mama anayepika. Kunguru hutembea juu yake wakipekua. Nzi huvuma. Ukisimama katikati unasikia vitu vikilainika na kushuka, sauti ndogondogo, na unajua kazi inakwenda.

Asubuhi moja nilikuwa napita upande wa kusini, karibu na uzio, nikasimama bila kujua kilichonisimamisha. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni ukimya. Tuta lililokuwa mbele yangu halikufuka. Hapakuwa na kunguru juu yake. Hapakuwa na nzi. Nilichomeka kipimajoto, nikasubiri, nikakitoa nikidhani kimeharibika, nikaenda kukijaribu kwenye tuta la jirani. Kilipanda mara moja. Nikarudi. Kilishuka, kikatulia kwenye baridi ileile ya ardhi niliyokuwa nimeikanyaga.

Nilifukua kwa jembe. Ndani nilikuta kabichi. Ilikuwa imekaa humo wiki kadhaa, na ilikuwa kabichi kamili, jani juu ya jani, kana kwamba nimeinunua sokoni dakika ile. Mchicha ulikuwa umenyauka lakini bado wa kijani. Ganda la papai lilikuwa na rangi yake ya machungwa. Katika kazi yangu nimeona uozo wa kila namna na haujawahi kunitisha. Ile kabichi ilinitisha. Niliirudisha nilipoitoa na kuifukia, na baadaye nilijiuliza kwa nini nilifanya hivyo kwa upole vile.

Nilifanya yale yanayofanywa. Niliagiza tuta limwagiwe maji zaidi, tukaongeza samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo huwasha tuta lolote lililolala, kisha dereva wa katapila akaligeuza. Dereva huyo ni Msandawe wa Chemba, mtu wa makamo, asiye na maneno mengi, ambaye hufanya kazi yake vizuri na kunywa chai yake peke yake. Aligeuza tuta lote isipokuwa tabaka la chini lililofungamana matawi, akarudi kuegesha mashine. Siku zilizofuata tuta lile halikupata moto. Badala yake, tuta la jirani, lile lililokuwa likifuka vizuri, lilianza kupoa. Lilianzia upande ule ambao katapila iliingilia. Kila asubuhi mvuke ulikuwa umerudi nyuma kidogo, kama vile kuna kitu kinatembea chini kwa chini na kuzima majiko.

Wafanyakazi waliliona kabla sijasema chochote. Waliokuwa wakikaa kusini kupata chakula cha mchana kwa sababu ya kivuli cha vichaka vya uzioni walihamia kaskazini, kwenye jua. Nilimsikia mmoja akisema kwamba palikuwa na boma la watu wa zamani pale, na kwamba mwenye boma alizikwa ndani ya zizi lake. Mwingine alisema si kaburi, ni mahali ambapo mifugo ilikufa yote kwa pamoja. Sikuwakemea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kulizunguka tuta lile kwa mbali, nikijiambia naepuka matope, na wakati huo wa mwaka Dodoma haina matope.

Kisha tukaanza kuwaona hua, wale njiwa wadogo wa porini. Walikuwa wamelala kando ya tuta, mmoja hapa na mwingine pale, mabawa yamekunjwa vizuri. Nilimgeuza mmoja kwa ncha ya buti. Alikuwa mwepesi kama karatasi, amekaukia ndani ya manyoya yake, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyemfikia. Siku hiyohiyo nilimpigia simu afisa mazingira. Nilimweleza yote, pamoja na kabichi. Aliniambia nisiruhusu mtu yeyote kuligusa mpaka afike, na kwamba angekuja kesho yake.

Kesho yake, kabla hajafika, bibi wa nyumba ya nyuma alikuja getini.

Alikuwa Mgogo, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwapo pale kabla ya kiwanda na kabla ya kata yenyewe kujaa nyumba. Tulikuwa majirani wema. Aliniletea mlenda mkavu mara kwa mara, nami nilimsaidia alipohitaji mtu wa kumpeleka zahanati. Tulisalimiana kwa Kigogo, mbukwa, kama kawaida. Nikamkaribisha kwenye benchi la mlinzi, akakataa kukaa.

"Mwanangu," aliniuliza, "mmezika nini pale nyuma?"

Nilimwambia hatujazika kitu, ni taka tu kama zile nyingine. Alitikisa kichwa. Aliniambia kuku wake walikuwa na desturi ya kupenya chini ya uzio kila asubuhi kuja kupekua, na sasa wanafika kwenye waya wanasimama. Wanasimama tu, wamejipanga, wanatazama. Wale wawili waliowahi kupenya hawakurudi. Yeye mwenyewe alikuwa amechota udongo uliomwagikia upande wake wa uzio wakati katapila ilipogeuza, akautia kwenye bustani yake ya mboga kwa mikono, na tangu jana haoni vizuri. Dunia imekuwa na giza, alisema, ilhali ni mchana.

Alikuwa anajifuta mdomo kwa upande wa kanga. Alijifuta tena. Nikaona kwamba mate yalikuwa yanamtoka bila yeye kutaka, na kwamba jasho lilikuwa linamtiririka usoni katika upepo ule wa baridi, na misuli ya shavu ilikuwa ikicheza yenyewe. Nilimsogelea nikamtazama machoni. Mboni zake zilikuwa zimesinyaa zikawa ndogo kama punje za ufuta.

Chuoni tulifundishwa dalili hizo katika somo la viuatilifu. Nilizikariri kwa ajili ya mtihani. Wakati ule, mbele ya uso wa mtu niliyemfahamu, kila kitu kilichokuwa kinanisumbua kwa wiki nzima kilijipanga chenyewe: nzi, hua, kabichi, baridi inayotembea. Pale hapakuwa na mzimu. Palikuwa na sumu, nyingi kiasi kwamba hata kuoza kulikufa. Ningetegemea kupata nafuu kwa kujua hivyo. Sikuipata. Mzimu ungekaa mahali pake.

Nilimwosha mikono kwa sabuni hapohapo bombani, nikamvua kanga iliyolowa na kumfunga yangu, tukampakia kwenye pikapu. Njiani alishikilia kiganja changu na kuongea Kigogo, taratibu, na mtu ambaye hakuwa ndani ya gari. Hospitalini daktari aliuliza ameshika nini, nikamwambia ninachodhani, naye hakupoteza muda. Walimchoma sindano, wakarudia, wakarudia tena. Nilikaa kwenye korido mpaka muuguzi alipotoka kuniambia kwamba mboni zimeanza kufunguka.

Niliporudi, afisa mazingira alikuwa amefika na alikuwa amesimama mbali na tuta, upande unakotoka upepo. Nilimpa shikamoo na kumweleza habari za bibi. Hakuchomeka kipimajoto chake safari hiyo. Aliamuru kiwanda kizima kisitishe kupokea na kuuza, akatia utepe kuzunguka upande wa kusini, akachukua sampuli kwa glovu nene na kuzifunga mara mbili. Kisha alimwomba dereva wa katapila avae barakoa na kufungua tuta kutoka chini.

Dereva alifanya hivyo polepole. Tabaka la juu liliporomoka, na chini kabisa tukaona matawi ya mizabibu yaliyopogolewa, mengi, yamefungamana. Ndani yake kulikuwa na madumu ya plastiki yaliyopasuka, mifuko iliyofutwa maandishi na jua, na unga wa buluu uliosambaa kwenye kila kitu. Ile buluu ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wote watatu tuliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katikati yake kulikuwa na kuku wawili wa bibi, waliojipenyeza kati ya matawi kupekua.

Dereva ndiye aliyekumbuka lori lililoleta mizabibu, na kutokana na hilo ilikuwa rahisi kufika shambani. Mwenye shamba alikuwa amefariki. Mwanawe alitaka kujenga nyumba za kupangisha, hivyo alikata mizabibu yote na kusafisha stoo ya marehemu, ambamo dawa za shamba za miaka na miaka zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Vyote vilipakiwa pamoja. Afisa alimleta aone. Alikuwa mwanamume wa umri wangu, amevaa vizuri, na alisimama kwenye utepe mikono nyuma. Alisema alidhani kila kitu kikiletwa kwetu kinageuka kuwa udongo. Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu aliyeambiwa hivyo utotoni. Baadaye hatua za kisheria zilichukuliwa, naye hakubisha.

Waliokuja kuliondoa tuta lile walivaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, na vioo mahali pa nyuso. Walifanya kazi mchana kweupe, bila kuzungumza, wakijaza mapipa na kuyafunga. Upepo ulipuliza nguo zao zikavimba, na kwa mbali walionekana kama watu wasio na kitu ndani. Waliondoa tuta la kwanza, wakaondoa la jirani, wakachimba na ardhi yenyewe mpaka walipofika kwenye udongo mwekundu mgumu. Waliingia pia kwenye bustani ya bibi. Waling'oa mboga zote, wakachota udongo, wakaacha shimo pana lenye kingo zilizonyooka nyuma ya nyumba tupu, na mlango wa jikoni ukipigapiga kwa upepo.

Tulikaa tumefungwa kwa muda mrefu. Tuliporuhusiwa kufungua, afisa alitupa masharti mapya: kila lori limwagwe kwanza kwenye sakafu ya saruji na kupekuliwa, na mkulima yeyote anayeleta masalia ya shamba aeleze alipuliza dawa gani. Nilikuwa nimeanza kupekua kabla hajatamka. Hata leo siwezi kuona jani bichi kabisa kwenye tuta bila kuinama.

Bibi alipona. Alitoka hospitalini amekonda, mkono wa kushoto ukitetemeka kidogo, na mkono huo haujatulia mpaka sasa. Kampuni yetu ilimjazia shimo kwa udongo safi kutoka mbali. Siku nilipokwenda kumtazama nilimkuta ameketi kitini mlangoni akiliangalia lile eneo jipya, jeusi, lililosawazishwa. Hakuwa amepanda chochote. Nilimwambia udongo umepimwa na uko salama, nimeona majibu mwenyewe.

"Nakuamini, mwanangu," alisema. "Lakini huu haunijui."

Tulikaa hapo mpaka jua lilipoingia kwenye kizingiti, kisha akaniomba nimsaidie kuingiza kiti ndani.

Alianza kupanda mwaka uliofuata, kunde kidogo, kwenye kona.

Upande wetu wa uzio, mvua zilipokuja, nyasi ziliota kila mahali zisipotakiwa, mpaka juu ya paa la kibanda cha mlinzi. Pale lilipokuwa tuta hazikuota. Tuliweka matawi ya miiba kuzunguka ili mtu asikanyage, na vipimo vinachukuliwa kila msimu. Dereva wa katapila bado hulazimika kupita karibu anapokwenda kugeuza matuta ya mwisho. Anapofika pale hupunguza mwendo na kusema kitu kwa Kisandawe, maneno machache yenye milio ya ulimi kugonga kaakaa ambayo nimeshayasikia mara nyingi kiasi cha kuyatambua lakini si kuyatamka. Anayasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemjulia hali jirani, halafu anasubiri kidogo, injini ikiunguruma, kabla ya kuendelea. Sijawahi kumuuliza anasubiri nini.