Chakula Kabla ya Wageni

Juzi stendi ya Makambako nilikaa jirani na dada mmoja, kompyuta mapajani, simu kaiweka kwa sauti ya juu. Ndiyo kwanza anajifunza. Alikuwa akiunda programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kwa ajili ya zahanati ya mama yake kijijini Matembwe. Kule mtandao hakuna, hivyo maktaba zote, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na wengine, ambavyo programu yake inavitegemea, lazima ziingie humohumo ndani yake. Akaiamuru kompyuta iziunganishe, ikagoma tena. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mwalimu, inasema haizioni maktaba, na nimeziandika mwanzoni kabisa mwa amri, kabla ya programu yenyewe."

"Kwa nini mwanzoni?" simu ikauliza.

"Kwetu chakula kinaiva kabla wageni hawajafika."

Mwalimu akacheka taratibu. "Mashine inasoma kwa mpangilio. Maktaba ambayo haijaombwa inaipita, na hairudi nyuma. Tanguliza programu iombe, maktaba zifuate."

Akahamishia majina ya maktaba mwishoni, akabonyeza, akasubiri kauma kidole. Ikakubali. Akanishika mkono, mimi asiyenijua.

Nilimpa pole kimoyomoyo. Kalelewa vizuri, halafu kakutana na mashine yenye tabia za ofisi zetu: msaada upo kabatini, ila hautoki mpaka uanze wewe kuomba.