Kihispania cha Kahonzi

Hakuna aliyeelewa kwa nini Kahonzi, mke wa Kitsao, alitaka kujifunza Kihispania. Huko Vitengeni, katikati ya miaka ya themanini, Mhispania alikuwa mmoja tu, Sista Amparo wa zahanati, naye Kiswahili alikuwa nacho cha kumtosha. Majirani walicheka. Walisema labda Kahonzi anataka utawa, wakamwonea huruma Kitsao, aliyekuwa kibarua wa chumvi kule Marereni na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi.

Ukweli ni kwamba Kahonzi alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa kama punje ya mahindi alipougusa mara ya kwanza akioga, na hakumwambia mtu. Mamake alikufa kwa ugonjwa wa namna hiyo, na kabla hajafa watu walikuwa wameacha kula chakula chake. Kahonzi hakuogopa kufa kama alivyoogopa kile kipindi cha kabla ya kufa, cha kutazamwa.

Mtu atauliza, kwani si alikuwa akifanya kazi zahanati? Alikuwa, tena kwa miaka. Alipima homa, alifua mashuka, na wagonjwa wasiojua ila Kigiriama yeye ndiye aliyewafasiria. Tatizo lilikuwa Sista mwenyewe. Alikuwa mwema kupita kiasi, lakini masikio yalikuwa yameanza kumkataa, na alichoambiwa alikirudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Nje ya pazia la chumba cha matibabu, karibu kabisa, palikuwa na benchi la wanaongoja, na benchi hilo halikuwa na adabu. Jirani yao Kambi alipoota jipu mahali pa kukalia, Sista alilitangaza na kulirudia apate hakika, na kufika jioni soko zima lilikuwa likimkaribisha Kambi kiti. Aliyefasiri siku hiyo ni Kahonzi, na alicheka pamoja na wengine.

Basi akaamua kutafuta lugha ambayo benchi haliijui.

Sista alifurahi hata akatoa biskuti. Jioni, wagonjwa wakishaondoka, walikaa mezani wawili, ingawa wachota maji hawakuisha kupita chini ya dirisha na masikio yao. Sista alishika kikombe chake akasema esto. Akaonyesha kitambaa kilichokuwa mkononi mwa Kahonzi: eso. Kisha akanyoosha mkono dirishani, kwenye tangi la maji mwisho wa uwanja: aquello.

"Cha karibu nami, cha karibu nawe, cha mbali na sisi sote," alieleza kwa makelele. "Na kama hujui jina lake, au hutaki kulitaja, si neno! Haya yanatosha."

"Hata kama ni kitu kibaya, Sista?"

"Eh?"

"Hata kibaya?"

"Kibaya, kizuri, chochote!"

Likafuata la kuuliza: ¿Qué es esto? Hiki ni nini? Kahonzi alilisema akitwanga, akichota maji, akipalilia. Sista alitaka waendelee mbele, wafike kwenye sala, lakini mwanafunzi wake alirudi palepale. Alichokitafuta alikuwa ameshakipata. Kilichobaki ni moyo wa kukisema, na moyo ulichelewa, na uvimbe haukumngoja. Hapo alikosea, na kosa lenyewe nusura limmalize.

Siku moja ya soko benchi lilikuwa limejaa. Hannah, mke wa mwinjilisti, alikuwa amekaa upande wa pazia kama kawaida yake. Kahonzi hakumwita mgonjwa aliyefuata. Alifungua vifungo vya blauzi, akaushika mkono wa Sista, akauweka pale.

"¿Qué es esto?" alisema kwa sauti kubwa, maana hapakuwa na njia nyingine.

Mkono wa Sista ulipapasa, ukasimama, ukapapasa tena. Kisha Sista akajibu maneno mengi ya Kihispania ambayo Kahonzi hakuyajua. Aliyasoma macho yake. Alisikia "Kilifi", na alisikia "mañana", ambayo alijua ni kesho.

"Amesemaje?" Hannah aliuliza kutoka nje. Kila mara alikuwa akiuliza hivyo, na kila mara alikuwa akijibiwa.

"Sijui, mama," alisema Kahonzi, akifunga vifungo. "Bado najifunza."

Hospitalini Kilifi walimwondoa titi. Kitsao alilia kuliko yeye. Kahonzi aliporudi kazini blauzi ilikuwa imelegea upande mmoja, na waliotaka kutazama walitazama. Yale aliyoyaogopa yalikuja, ila yalikuja nusu, na chakula chake walikila.

Asubuhi ya kwanza alilikuta benchi palepale karibu na pazia. Alilitazama kwa muda. Siri za watu wangapi zilipita kinywani mwake pale, na asione kwamba benchi liko karibu mno, mpaka siri ilipokuwa yake! Hilo lilimwuma kuliko mshono. Akamwita Kambi, ambaye hakuuliza kwa nini, wakalibeba mpaka mwisho wa uwanja, chini ya tangi.

Wagonjwa walipokwisha kulijaza, Sista alitoka, akakinga macho jua, akanyoosha mkono.

"¿Qué es aquello?"

"Benchi, Sista," alisema Kahonzi.

Kule chini ya tangi Hannah alikuwa ametega sikio, na hakuambulia hata neno.