Fundi Aliyepunguza Programu

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule fundi kompyuta wa mjini kwetu Morogoro amefariki, na tayari wamemzika kwao Kingolwira. Nimeumia, sikufichi msomaji. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Mimi nilikuwa mdadisi tu, nikikaa kibandani kwake kuuliza maswali yasiyoisha, naye akinivumilia.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru, kompyuta za mtumba zikamwagika mjini, nyingi zikiwa na nafasi kiduchu. Yeye akawa anatengeneza CD yake ya kusakinisha Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akiuchuja mpaka zibaki programu za lazima tu. Ilikuwa raha kumtazama. Kila programu aliiweka kizimbani. "Wewe kazi yako nini?" anaiuliza skrini, kama hakimu. Ya kuandikia ikapona, ya kunakili mafaili ikapona. Nikauombea huruma mchezo wa karata. "Ondoka zako," akacheka, "karata kacheze kijiweni!" Nikamuuliza anajuaje kipi hakihitajiki. Akasema asichokitumia yeye hakina kazi. Kwa wakati ule jibu lilinitosha.

Siku moja akanichukua twende shule ya sekondari ya misheni, juu huko kupita Mkuyuni, akawawekee kompyuta yao ya kwanza. Kesho yake kidato cha nne walikuwa wanaanza mtihani wa majaribio, na mashine yao ya stensili, ya kurudufishia mitihani, ilikuwa imekufa. Sista mkuu wa shule alikuwa ameazima printa parokiani. Linux ikaingia vizuri, Sista akachapa maswali huku anatabasamu, ikafika kuyatoa kwenye karatasi: wapi! Fundi alikuwa ameondoa kila kinachohusu printa, kwa sababu kibandani kwake hakuwa nayo. CD kamili kaiacha mjini, na mvua ilishakata barabara nyuma yetu.

"Fundi," Sista akasema, wala hakufoka, "si ungetuuliza kwanza tunataka kuifanyia nini?"

Lo! Nikamwona mtu mzima ananywea. Miaka michache kabla, kiwanda cha umma alichokuwa akifanyia kazi kilibinafsishwa, naye akapunguzwa. "Ndivyo walivyonifanya mimi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyekuja kuniuliza nafanya kazi gani pale." Tukalala hapo misheni. Asubuhi akamwomba Sista radhi, akashika chaki, akaandika maswali ubaoni kwa mkono wake, somo baada ya somo, watoto wakafanya mtihani wao.

Tangu hapo hakuondoa programu hata moja kabla ya kwenda kukaa na watu watakaoitumia kompyuta. Aliwaangalia wakifanya kazi, akauliza, ndipo akapunguza. Nami nikabaki nawaza. Nchi nzima wakati ule ilikuwa inapunguza, na mengine kweli yalikuwa mzigo, sibishi. Lakini mbona anayeamua kipi kiondoke mara nyingi ni yule ambaye kikiondoka yeye hapungukiwi na kitu? Ukitaka kumpunguzia mtu, nenda kwanza ukamuulize. Fundi wetu alikosea mara moja, akaomba radhi, akajifunza kuuliza. Wale waliompunguza yeye, mpaka anazikwa, hawakuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini.